Hiyo nyumba ya Langoni msiipange

Dada, kama hamjatoa arubuni, shikeni pesa zenu. Mnataka kupanga nyumba mtaa wa Langoni, hapa Lamu, ya kuwahifadhi akina mama wanaopigwa, nawe umeuliza kodi ni ngapi, kibao kiandikwe nini, wazee wa mtaa wapewe semina gani, na kaunti iombwe vipi msaada. Mimi hapo kwenye kibao ndipo presha imenipanda, kwa hiyo vumilia.

Sisi tulipanga, mtaa wa Mkomani. Nyumba ya maana, daka la kukaa wageni mbele, kiwanda, yaani ua, ndani, tukasema hapa akina mama wanaopigwa majumbani watapata pa kujisitiri. Kukatokea mtaalamu wa semina kutoka bara, yule wa projekta na vitambulisho vya shingoni, akatuambia lazima tuonekane, mfadhili hatoi pesa kwa asichokiona. Tukapaka kibao kijani, maandishi meupe, namba ya mwenyekiti chini. Utepe ukakatwa, mahamri yakaliwa, picha zikapigwa mlangoni. Yeye akarudi zake hotelini Shela kula kamba, na picha zetu zikaingia kwenye ripoti yake. Malipo yake alipokea kamili, msiwe na wasiwasi naye.

Mama wa kwanza akaingia usiku na mtoto. Kulipokucha mumewe keshaketi kwenye baraza ya jirani, mkabala na mlango wetu. Hakugonga, hakutukana. Anasalimia kila apitaye, muuza kahawa anammiminia, wazee wanamuuliza habari za bahari, naye anajibu alhamdulillahi kwa upole kabisa. Kila anayemsalimia akimaliza anatupia jicho dirishani kwetu. Ilipofika Isha mtaa mzima unamhurumia yeye! Tuite polisi tuwaambie nini, kwamba kuna mtu anakunywa kahawa?

Halafu wakaanza wajumbe. Mjomba. Kisha shangazi na sinia ya pilau. Mama akarudi kwa mumewe hata hospitali ya King Fahad hatujampeleka, hata kituoni hajaandikisha neno. Siku hizi tukikutana njiani hunipita kama hanijui, na simlaumu. Baada yake hakuja mtu. Nani apite mbele ya baraza ile mchana kweupe? Mwenye nyumba naye akaitaka nyumba yake, na kodi tuliyolipa mbele ikapotea. Kibao ninacho bado, ndio mlango wa banda langu la kuku. Kuku hawajambo.

Amu, yaani Lamu, unaijua. Vichochoro vyetu punda wawili wakikutana mmoja hurudi kinyumenyume. Mtu akivaa nikabu watamjua kwa mwendo, kwa viatu, kwa mtoto aliyemshika mkono. Utaificha wapi nyumba humu? Kwa hiyo shikeni hili moja: anapolala mama pajulikane na watu wawili tu, na pawe ng'ambo ya maji. Pesa ya kodi ifanyeni nauli. Boti hadi Mokowe, basi hadi Malindi au Mombasa, na mwanamke wa kumsindikiza mpaka afike. Mwenye boti mumjue vizuri, na asimpakie jeti kuu saa ya abiria wa basi la asubuhi, maana pale ndipo mji mzima huagana. Msiandike alipo kwenye kundi la WhatsApp la chama. Kila chama kina mtu mwenye shemeji. Simu yake mwangalie, na ya mtoto pia. Picha ya mwembe tu uani ikiwekwa status, shangazi na sinia yake wako njiani.

Kabla ya boti, hospitali. Kama amebakwa asioge na nguo zisifuliwe, na dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzwe ndani ya saa 72. Polisi wamwandikie, namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, aichukue, na P3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, aombe, fomu yenyewe ni bure. Usiku mkikwama pigeni 1195, simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hamtozwi kitu.

Na kitu ambacho yule bwana wa projekta hakukigusa hata kwa bahati mbaya: iko sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Hakimu anaweza kutoa amri ya muda haraka, na anaweza kumkataza mume asiingie kwenye nyumba wanayoishi wote wawili. Yaani yeye ndiye atoke, mama abaki na watoto wake na jiko lake! Sisi tulikuwa tunapaka rangi kibao, na mahakama iko papo hapo mjini.

Semina ya wazee atakujibu mwingine, mimi wazee wameniacha na kahawa yao. Kaunti iandikieni barua, ila kwenye anwani wekeni sanduku la posta.