Wakili au mwanasheria?

SWALI: Natafsiri wasifu mfupi wa Max von Forckenbeck, mwanasiasa Mjerumani wa karne ya 19. Niliandika kwamba mwaka 1849 alikuwa "mwanasheria wa kujitegemea" katika mji wa Mohrungen, na baadaye "meya" wa Breslau na Berlin. Mhariri kafuta "mwanasheria" akaweka "wakili". Nani yuko sahihi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mhariri wako, ila kaliacha kosa kubwa zaidi.

Mwanasheria ni yeyote aliyesomea sheria: hakimu, mhadhiri, hata yule anayekagua mikataba ofisini na hajawahi kukanyaga mahakamani. Wakili ni anayesimama badala ya mwingine. Neno ni la Kiarabu, ndugu wa wakala, na halikuzaliwa mahakamani. Kijana aliye Muscat akioa Tanga, wakili wake ndiye anayeketi mkekani na kuitikia nikaha kwa niaba yake, na huenda hajasoma sheria hata ukurasa mmoja. Forckenbeck aliisoma, kwa hiyo ni mwanasheria pia, lakini kazi yake Mohrungen ilikuwa kusimama badala ya watu. Wakili, basi.

Tatizo ni hilo "wa kujitegemea". Najua limekutoka lenyewe, maana Tanzania tumezoea kulitamka kwa pumzi moja na wakili. Katika Prussia ya 1849, dola ya Kijerumani iliyokuwa na miji yote mitatu uliyoitaja, wakili hakujifungulia ofisi alipotaka. Aliteuliwa na serikali, na nafasi zilikuwa za kuhesabika. Mlango ulifunguliwa 1879, wakati ambapo Forckenbeck alikwisha kuacha uwakili na kuwa meya. Andika "wakili" peke yake.

Meya nalo libaki, lakini lisiachwe bila mlinzi. Meya wa Tanzania ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake ili aongoze vikao vyao; shughuli za kila siku za jiji ziko kwa mkurugenzi. Prussia mambo yalikuwa kinyume. Baraza la madiwani lilikuwa na mwenyekiti wake, na meya ndiye aliyeendesha jiji, kwa mshahara, kwa kawaida kipindi cha miaka 12. Madiwani walimchagua, mfalme akamthibitisha, na hakulazimika kuwa mwenyeji: Forckenbeck, mzaliwa wa Münster, alitoka kuongoza Breslau (leo Wrocław, Poland) akaenda kuongoza Berlin mwaka 1878. Ukiandika "mkurugenzi wa jiji" utamfanya mteule wa serikali. Mimi ningeandika "meya mtendaji" mara ya kwanza, kisha "meya" tu. Anayemjua mtendaji wa kata hatauliza maana yake.

Cheo chake katika Reichstag, bunge la Ujerumani, kuanzia 1874 hadi 1879, hakina utata. Ni Spika.