Mwenzako wa benchi si daktari wako, lakini mkalie karibu

Wiki iliyopita binti mmoja wa Muheza alinipigia simu saa tatu usiku. Namba yangu alipewa na wifi yangu. Salamu zenyewe hakuzimaliza: "Dada, wewe ulitoa ziwa lote au uvimbe tu? Maana na mimi nataka nifanye hivyohivyo."

Nilishindwa kumjibu papo hapo. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, kwenye benchi la kliniki ya saratani ya titi, na jibu nililopewa lilinipa usingizi usiku ule na majuto miezi miwili baadaye. Nikamwambia nitampigia kesho. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo vocha isingetosha.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Tanga. Uvimbe niliupapasa mwenyewe nikioga, titi la kushoto, mgumu kama kungumanga na ukubwa wake ni huohuo. Hauumi. Kutouma ndiko kulikonidanganya, nikakaa nao miezi minne nikishona sare za shule za watu. Nilipofika hospitali nikafanyiwa ultrasaundi, nikaambiwa nirudi kuchukuliwa kinyama cha kwenda kupimwa. Hapo shangazi yangu akaja juu: saratani haiguswi chuma, ikiguswa inasambaa mwili mzima, si unamkumbuka fulani, alikatwa mwezi wa tatu akazikwa wa sita?

Daktari alinieleza kwamba si kweli, nikamwitikia "sawa" ya adabu tu. Aliyenitoa hofu ni mama mmoja niliyemkuta benchini, kajifunga kitenge cha kijani, anakula karanga. Alifungua vifungo viwili vya blauzi akanionyesha kovu. "Hii sindano nilichomwa miaka saba iliyopita. Nimesambaa wapi?" Halafu akasema neno ambalo shangazi hakuwahi kulifikiria: yule aliyekufa mwezi wa sita alifika hospitali ugonjwa umeshafika kwenye mapafu, kisu kikasingiziwa. Siku ileile nikachomwa sindano. Kwa kazi ya namna hiyo daktari hamuwezi mwenzako. Daktari ana maelezo. Mwenzako ana kovu lililopona na anatafuna karanga.

Basi nikageuka mwanafunzi wa benchi. Waliyonifundisha wale wanawake sikuyakuta kwenye karatasi yoyote. Nivae blauzi za vifungo mbele, kwa sababu baada ya kukatwa mkono haupandi kuvulia gauni. Nishone kimfuko cha khanga cha kuning'iniza ule mrija wa kutoa maji, nisiubane kwa pini. Ninywe maji mengi tangu siku mbili kabla ya dripu ya dawa za saratani ili mishipa isijifiche. Ile dawa nyekundu inageuza mkojo kuwa mwekundu, nisipige kelele chooni nikadhani natoka damu. Nywele ninyoe mwenyewe mapema, maana wiki mbili tatu baada ya dripu ya kwanza zinaachia zenyewe, na kuziokota kwenye mto asubuhi kunauma kuliko kunyoa. Chakula kikianza kuwa na ladha ya chuma, nitumie kijiko cha plastiki na nikamulie limau. Mkono wa upande uliokatwa nisiutoe kwa sindano wala kipimo cha presha.

Na kipimajoto. Mama wa kitenge cha kijani alinilazimisha ninunue kipimajoto kabla sijanunua kilemba cha kuficha upara. Dripu inashusha chembe nyeupe za damu, na mtu aliye kwenye dripu homa ikigonga 38 haendi duka la dawa kununua panadoli, anakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane usiku. Dripu ya pili ilinikuta hivyo. Nililazwa siku tano. Ningesubiri kupambazuke, sijui.

Kwa hiyo nilikuwa nawaamini, na nilikuwa na sababu. Ndipo likaja suala la kuchagua.

Daktari wa upasuaji alinipa njia mbili: kutoa uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, kisha mionzi, au kutoa titi lote. Akaniambia kwa uvimbe kama wangu uhai haupishani. Baadaye nilikuja kusoma msingi wa maneno yake. Kuna utafiti wa Marekani uliosimamiwa na Profesa Bernard Fisher, wanawake 1,851, wakafuatiliwa miaka 20, matokeo yakachapishwa 2002. Waliotolewa titi zima na waliotolewa uvimbe tu, kuishi kwao kulikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kwa ugonjwa kurudi kwenye titi lilelile: waliotolewa uvimbe bila mionzi, uliwarudia kama 39 katika kila 100, waliopigwa mionzi, kama 14. Maana yake ni kwamba anayebakiza titi hana ruhusa ya kukwepa mionzi. Tena si kila mtu anapewa uchaguzi huo: uvimbe ukiwa mkubwa kuliko titi linavyoweza kubeba, au ukiwa zaidi ya mmoja sehemu mbalimbali, mara nyingi linatoka lote.

Nikaenda kuuliza benchi. Watu sita, jibu moja: "Toa lote, ulale usingizi." Mmoja akaongeza kwamba mionzi iko Dar, kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu mpaka tano, utalala kwa nani, watoto utamwachia nani? Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi na baba watoto tulipiga hesabu ya nauli, ya fremu yangu kufungwa, ya mama mkwe ambaye magoti yake hayamruhusu kukimbizana na mtoto wa miaka sita. Nikaamua: litoke lote, nisiione Dar.

Lilitoka. Wiki tatu baadaye majibu ya nyama yote yakarudi: matezi 14 ya kwapani yalitolewa, matano yalikuwa na saratani. Daktari akasema, kwa upole tu, kwamba matezi yakifika manne na kuendelea, mionzi inahitajika hata kama titi halipo.

Nilihisi kama nimeibiwa, na mwizi simjui. Hakuna aliyenidanganya. Benchi lilisema liliyoyajua: wale sita, watano matezi yao yalikuwa safi. Daktari naye, mume wangu ananiapia, alilitaja hilo siku ile ya njia mbili, ila masikio yangu yalikuwa yameshafunga. Kosa langu ni moja. Nilikuwa na sababu ya kweli kabisa, safari ya Dar na watoto, na sikuiweka mezani mbele ya daktari. Ningemwambia "nataka kutoa lote ili nisipigwe mionzi, je, nitaikwepa kweli?" angenijibu. Mimi nilimwambia tu, "Nimeamua lote, dokta," na yeye akaandika. Huyu binti wa Muheza hili nimelirudia mara tatu: usimpelekee daktari uamuzi peke yake, mpelekee na sababu iliyokufikisha hapo, hata kama ni nauli, hata kama ni mume, hata kama unaona aibu kwamba unalipenda titi lako. Sababu ndiyo anayoweza kuipima.

Je, ningebakiza titi kama ningejua? Kuna siku nasema ndiyo. Kuna siku nikivaa sidiria yenye titi la bandia la pamba naona hewala. Hiyo sidiria nayo ina kisa chake. Pamba ilikuwa nyepesi, bega likawa linapanda upande mmoja, nikashona kifuko nikakijaza mtama ili kipate uzito. Kilikaa vizuri sana mpaka mtama ulipoingia fukusi, tena nikiwa kanisani. Siku hizi naweka punje za plastiki.

Dar nikaenda, basi la alfajiri, Segera, Chalinze, mpaka kwa shangazi Temeke. Mionzi yangu ilikuwa mara 15 pale hospitali ya saratani ya Ocean Road. Wanaopajua watakumbuka lile jengo la zamani la Wajerumani linalotazama bahari, ambako Robert Koch, yule wa vijidudu vya kifua kikuu, aliwahi kufanyia utafiti wa malaria mwaka 1897. Nilikuwa nakaa nje napigwa upepo nikisubiri zamu, na hapo ndipo niliposoma kwenye simu habari za Terese Lasser. Huyu alikuwa Mmarekani, alitolewa titi mwaka 1952, enzi ambazo wanawake walikuwa wanarudishwa nyumbani bila kuambiwa hata namna ya kuinua mkono. Akaanza kuwatembelea waliokatwa wodini, mkononi kabeba titi la bandia la muda, kampira na kamba ya kufanyia mazoezi ya bega. Wapo madaktari wa upasuaji waliochukizwa naye. Lakini kazi yake ikaja kuchukuliwa na chama cha saratani cha Marekani mwaka 1969, na watu wa kujitolea katika mpango ule wana mwiko mmoja: unamsikiliza mwenzako, unamwonyesha njia uliyopita, ushauri wa dawa humpi.

Ule mwiko nilikuja kuuelewa kwenye vidonge.

Benchini Dar nilipata rafiki, mwalimu wa sekondari, nitamwita Mwalimu. Tulimaliza mionzi wiki ileile. Mimi nikapewa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Yeye hakupewa kitu. Miezi mitatu baadaye mimi naungua: joto linanipanda kifuani usiku, natoa shuka, narudisha shuka, viungo vinauma kama bibi kizee. Mwalimu ananitumia picha akiwa kwenye mahafali, kapendeza. Nikajisemea, kumbe mtu anaishi bila hivi vidonge! Nikaacha. Wiki sita sikunywa na sikumwambia mtu.

Aliyenikamata ni nesi wa kliniki, alihesabu vidonge. Daktari akafungua faili langu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa majibu ya kinyama. Saratani ya titi, akasema, ni jina la ukoo. Ndani yake wamo ndugu wasiofanana. Yangu ina vipokezi vya homoni, yaani inakula homoni za kike ili ikue, na kazi ya tamoksifeni ni kuinyima chakula hicho. Kwa wanawake wa aina yangu, miaka mitano ya vidonge inapunguza vifo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Ya Mwalimu haina vipokezi vya homoni wala ile HER2, protini inayoichochea saratani ya ndugu wengine kukua. Angemeza tamoksifeni mpaka uzeeni isingemsaidia kitu. Yaani Mwalimu hakusamehewa vidonge, yeye dawa hiyo haikuwa na pa kumshika. Na kuungua kule, kumbe kulikuwa na mambo ya kusaidia, ningesema tu.

Ndiyo maana sasa nina ubishi kuhusu ile karatasi. Kinyama changu cha kwanza kilirudi na majibu nusu: imeandikwa ni saratani, vipokezi hakuna, kipimo hicho kililipiwa kivyake na hakuna aliyetuambia. Tulipoteza wiki nne. Uliza mapema kama sampuli yako itapimwa vipokezi na HER2, uliza bima inalipa au hailipi, na majibu yakitoka dai nakala yako, ipige picha, itie kwenye bahasha moja na nyingine zote. Faili la hospitali hupotea. Bahasha iliyo chini ya godoro lako haipotei.

Mstafeli? Nimepelekewa majani ya mstafeli na watu tisa, kwa upendo kabisa, na matatu ya hayo niliyachemsha. Najua maji yake yamejaribiwa maabara na yakaua chembe za saratani kwenye kisahani. Kwenye mwili wa mtu hilo halijathibitishwa. Tatizo langu na majani si majani, ni tarehe za kliniki zinazoachwa kwa ajili yake. Tuliokuwa watu wazima 2011 tunakumbuka foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, yule mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500, na waliorudi wakaweka dawa zao kando. Ukitaka kunywa kitu, mtajie daktari jina lake. Atakuambia kama kinagombana na dripu.

Yule binti nilimpigia kesho yake kama nilivyoahidi. Akarudia: lote au uvimbe tu? Nikamwambia mimi nilitoa lote, kisha nikamuuliza kama majibu yake ya kinyama anayo hapo karibu. Akasema yako kabatini kwa mumewe. Nikamsubiri hewani. Nikasikia kabati, nikasikia mtoto anaulizia uji, halafu akarudi akaanza kunisomea herufi kwa herufi. Alipofika chini kabisa akanyamaza. "Dada, hapa kwenye vipokezi wameandika 'havijapimwa'."

Jumatatu tunakutana stendi saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia aje na karatasi hiyo, mumewe, na kipimajoto.