Gitaa la Pili Lilinilipisha Mara Mbili

Juzi kijana mmoja wa Muheza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimebana nimefikisha laki nne. Nataka kuachana na gitaa la kujifunzia nichukue la maana. Nichukue lipi?" Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza, maana miaka sita nyuma mwenye laki nne mfukoni na moto kichwani nilikuwa mimi.

Kwanza mnielewe. Hapa Tanga gitaa si kitu kigeni. Ndio mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na wazee wa Ngamiani wakikaa barazani watakuhadithia madansi mpaka adhana ya magharibi. Ila hilo ni gitaa la umeme. Sisi wa nyuzi za nailoni, wa kudonoa kwa kucha huku mguu mmoja uko kwenye kigoda, hatufiki hata kujaza bajaji. Mzee jirani yangu alinisikiliza robo saa nzima, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, umeme umekatika?"

Nilianza na gitaa la mwanafunzi, plaiwudi mbele, nyuma na ubavuni. Lilinitosha mpaka nilipoalikwa kupiga kwenye harusi moja Raskazone. Sijamaliza hata kutuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, mwanamuziki mmoja aliyekuja na maspika yake akasema kwa sauti, "Hilo gitaa au beseni?" Watu wakacheka. Nilipiga, nikalipwa, nikala pilau yangu. Lakini hilo neno nililala nalo. Sitawadanganya: mpaka leo nikimwona yule bwana huwa navuka barabara.

Basi iliyokwenda kununua gitaa ni hasira. Masikio niliyaacha nyumbani. Nikampata muuzaji mtandaoni, picha inameremeta, maelezo yanasema gitaa la kitaalamu, Sh420,000. Nikatuma hela kwa simu. Likaja na basi kutoka Dar, mke wangu akalisifia, na kweli lilikuwa zuri la kutazama. Nikaligusa. Beseni lile lile, ila jipya.

Ndugu zangu, kinachoimba kwenye gitaa ni ubao wa mbele. Rangi, nakshi na mng'aro ni vya macho. Ubao ukiwa mzima, wa mti kama sprusi au sida, unatikisika vizuri na nyuzi, na kadiri unavyopigwa miaka inavyokwenda, wapigaji wengi watakwambia sauti inafunguka. Plaiwudi inabaki vile ulivyoinunua. Namna ya kujua ni hii: chukua tochi, mulika ukingo wa lile tundu la sauti. Kama mistari ya mti unayoiona juu inashuka na kuendelea kwenye unene wa ukingo, huo ni ubao mzima. Ukiona tabaka zimelaliana kama chapati iliyochambuka, hiyo ni plaiwudi hata muuzaji aape. Jina kubwa pekee halikusaidii. Yamaha C40 ni gitaa jema la mwanafunzi lakini uso wake ni wa tabaka, wakati CG122MS ya kampuni hiyo hiyo ina ubao mzima wa sprusi, na Cordoba C5 ina wa sida. Mulika kwanza.

Mimi sikumulika. Na kwa kutaka sauti kwa nguvu, nikafanya ujinga wa pili: nikalifunga nyuzi za chuma, kwa sababu ndizo zilizokuwepo dukani. Nyuzi sita za nailoni huvuta karibu kilo 40 kwa pamoja. Za chuma mara nyingi hupita 70. Usiku wa tatu, saa nane, tukasikia mlio kama mtu kapiga mlango teke. Mama watoto akanisukuma nikatazame mwizi. Nikakuta daraja la gitaa, kile kibao cha usoni zinapofungwa nyuzi, limebanduka na vipande vya mbao, linaning'inia kwenye nyuzi zake. Laki nne na ishirini hiyo.

Mwaka mzima nikarudia beseni langu la zamani. Hapo katikati hakuna cha kusimulia, ni kibubu tu.

Kisha mgeni mmoja alikuwa anafungasha kurudi Ulaya, anauza vitu. Gitaa lilikuwa na vumbi, limepauka, lina ufa wa urefu wa kidole. Nikatoa tochi: sida, ubao mzima. Sh350,000. Ufa akauziba fundi wangu wa samani kwa gundi na kijiti chembamba kwa ndani. Nyuzi zilikuwa zimepanda juu sana, maana unyevu wa pwani huvimbisha uso wa gitaa. Kwenye freti ya 12, vile vyuma vya shingoni, nyuzi nene ilikuwa milimita 5 kutoka kwenye freti. Nikautoa mfupa wa darajani, ule unaobeba nyuzi, nikausugua chini yake kwa msasa uliolala juu ya kioo. Ukitaka nyuzi ishuke milimita 1 pale kwenye 12, mfupa upungue 2, basi nilisugua kidogo, napima, nasugua. Nilipoishia, nene ilikuwa 4, nyembamba 3. Nikapiga. Yule mzee jirani akatoka nje na kiti chake.

Vijana mnapenda kung'aa, na nawaambia kama aliyeungua: acheni kununua gitaa kwa picha. Acheni. Na kabla ya kununua lolote, lifungeni hilo mlilonalo nyuzi mpya za nailoni, maana huku baharini zile nene huwa nyeusi upesi na sauti hufa, halafu mtu analilaumu gitaa.

Kijana wa Muheza, laki nne kwa jipya la ubao mzima haifiki. Kwa la mtumba inafika ukiwa na subira. Ukilipata usilipe, nipigie picha ya ukingo wa tundu kwa karibu, au Jumamosi ulilete, nipo nyumbani baada ya alasiri. Dalali akikuharakisha, mwambie hela anayo kaka.