Re: Bastola ya marehemu baba iko kabatini, tufanye nini?

Salaam, na poleni kwa msiba. Unauliza kama kaka mkubwa anaweza kubaki na bastola kwa sababu baba alikuwa na cheti cha kumiliki silaha. Hawezi. Hapa Kenya cheti hutolewa kwa mtu mmoja na huhuishwa kila mwaka. Hakirithiwi kama shamba. Kaka akitaka silaha, aombe cheti chake mwenyewe kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, achunguzwe upya.

Kwanza angalia ufunguo wa kabati uko kwa nani. Kwetu Kisauni, Mombasa, bastola ya marehemu ami ilikaa sandukuni, imeviringwa kwa leso, na siku ya arubaini tukamkuta mjukuu wa miaka sita kakaa juu ya sanduku lile, kifuniko hakijafungwa. Mpaka leo nikikumbuka mwili wanisisimka.

Msiiguse, na msijaribu kutoa risasi. Wala msiitie mkobani mkapanda nayo matatu, maana mkisimamishwa njiani nyinyi ndio mna silaha bila cheti. Mtu mzima mmoja aende kituo cha polisi na cheti cha silaha cha baba na cha kifo, azungumze na OCS, yaani mkuu wa kituo, aombe askari waje kuichukua nyumbani. Sisi walikuja wawili, wakaitoa risasi mbele yetu, wakazihesabu kitandani. Hakikisheni nambari ya bastola na idadi ya risasi zimeandikwa, na mpewe nambari ya OB, lile daftari la matukio la polisi. Tafadhali, nendeni kesho asubuhi, msingoje hitima.