Ndege mkononi mwa Mtoto Yesu ana maana gani?

Ndugu, umeuliza kama ndege ambaye Yohane Mbatizaji, akiwa mtoto, anampa Yesu mbele ya Maria, kwenye mchoro wa Raphael, mchoraji wa Italia, ulioko jumba la makumbusho la Uffizi, Florence (wa 1506 hivi), ni wa kuchezea tu. Hapana. Mtazame usoni: ana doa jekundu. Ni chiriku wa Ulaya, mla mbegu za mimea ya miiba. Masimulizi ya Kikristo yalisema alichomoa mwiba kwenye taji la Yesu, damu ikamrukia. Yaani watoto wanacheza, kumbe msalaba umeshatajwa.

Ila usimsome kila ndege hivyo. Njiwa ni Roho Mtakatifu.

Kuhusu mtindo, pitisha kidole hewani kutoka kichwa cha Maria hadi miguu ya watoto: utapata pembetatu, somo ambalo Raphael alilipata kwa Leonardo da Vinci, pamoja na vivuli laini visivyo na mstari mkali.

Kosa la kawaida, hasa kwa michoro mingine ya enzi hizo, ni kuona joho la Maria limekuwa karibu jeusi ukadhani ni msiba. Mara nyingi ni buluu ya bei nafuu, azuriti, iliyotiwa weusi na vanishi kuukuu na uchafu.