Usifute mstari usioujua: daftari langu la maajabu ya wavuti

Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza tovuti kwa malipo, nilimaliza mchana mzima nikitafuta herufi moja. Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo: kujua wageni wanaoingia kwenye tovuti wametokea ukurasa upi. Mtu akibofya kiungo, kwa kawaida kivinjari hutuma habari hiyo chenyewe, kwa hiyo nilichotakiwa kufanya ni kuisoma tu. Nikaandika `headers['referrer']`, nikafungua ukurasa, nikapata `undefined`, yaani hakuna kitu. Nikajaribu kivinjari kingine. Nikazima seva, nikaiwasha. Jioni ikaingia nikiwa bado nakodolea macho mstari uleule.

Kumbe jina lenyewe ndilo lililokosewa, tena si na mimi. Kwenye itifaki ya HTTP, yaani kanuni ambazo vivinjari na seva huzungumza kwazo, jina hilo ni `Referer`. Limepungukiwa r moja katikati. Ukiliandika kwa tahajia sahihi ya Kiingereza, hupati kitu.

Siku ile nilisahihisha, nikashusha pumzi, nikaendelea na mengine. Baada ya miezi michache nikakosea palepale. Mara hiyo ya pili ndipo nilipotulia nikauliza: kwani kwa nini liko hivi? Jibu nililipata. Phillip Hallam-Baker, aliyependekeza sehemu hiyo iingizwe kwenye HTTP, aliliandika hivyo katika pendekezo lake. Waraka wa RFC 1945 (RFC ni nyaraka zinazoeleza kanuni za mtandao) ulipotoka Mei 1996, seva na vivinjari vilikuwa vimeshalizoea, na kulirekebisha kungevunja vilivyokuwa vinafanya kazi. Mwaka 1995 Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa waraka huo, alieleza kwamba programu ya kukagua tahajia kwenye mfumo wa Unix haikulitambua neno hilo kwa tahajia yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo hata mashine haikumzindua mtu. Baadaye sana, ilipotungwa `Referrer-Policy`, sehemu inayoamua habari hiyo itumwe kwa kiasi gani, r zikawa mbili. Ndani ya JavaScript, lugha ya programu za kurasa, nako, `document.referrer` ina r mbili. Kwa hiyo leo tahajia zote mbili ziko kazini kwa wakati mmoja, na kila moja ina mahali pake.

Tangu nijue kisa hicho sijakosea tena. Sikukariri kitu, nikifika kwenye neno lile, kisa chote hunijia chenyewe. Ushauri wangu kwako unaanzia hapo. Ukikutana na jambo la ajabu kwenye kazi hii, usilikariri na usilipite. Litafutie sababu yake, kisha uiandike kwa maneno yako mwenyewe.

Nasema uiandike kwa sababu nilishajaribu njia nyingine. Nilikuwa mkusanyaji mkubwa wa alamisho. Kila makala nzuri, kila mchezo uliotengenezwa kwa CSS (lugha ya kupamba kurasa) tupu, kila maelezo ya mbinu ya zamani, nilikuwa nahifadhi kiungo nikijiambia nitasoma wikendi. Viungo vikafika mamia. Siku nilipovipitia nikakuta vingi vimekufa, na vilivyokuwa hai sikukumbuka hata nilivihifadhi kwa ajili gani. Nikaacha. Sasa nina daftari la kawaida la karatasi, na kila jambo nalipa mistari mitatu: nilichokiona, kwa nini kiko hivyo, na nilithibitishia wapi. Mstari wa pili usipojazwa, ukurasa ule huendelea kunikera, na kero hiyo ndiyo hunirudisha kutafuta.

Nikupe mfano unaoweza kuujaribu sasa hivi. Fungua ukurasa mtupu, weka visanduku viwili kando kwa kando, kimoja ukipake rangi ya `gray` na kingine `darkgray`. Kwa jina, `darkgray` ni kijivu kilichokolea. Sasa angalia kioo: kilichokolea ni `gray`, na `darkgray` ndicho kilichopauka. Si macho yako. `gray` ni #808080, na `darkgray` ni #A9A9A9, yaani 128 dhidi ya 169 kwa namba za kawaida, na kwa hesabu hii namba ikikua rangi inakuwa nyeupe zaidi.

Mara ya kwanza nilipoliona hili nilidhani nimebadilisha majina mahali fulani kwenye faili. Sababu yake ni kwamba orodha mbili zilizokulia nyumba tofauti zilikuja kuozeshwa. HTML, lugha ya kuandikia kurasa, ilikuwa na majina 16 ya rangi, na `gray` yake ilikuwa 128. Kando yake kulikuwa na mfumo wa X11 wa kompyuta za Unix, wenye orodha ndefu ya majina. Humo `gray` ilikuwa 190 na `darkgray` 169, mpangilio ulionyooka kabisa. Orodha zilipounganishwa kwa ajili ya wavuti, majina yaliyogongana yalifuata HTML na yaliyobaki yakafuata X11. `gray` ikashuka hadi 128, `darkgray` ikabaki palepale ilipokuwa. Hakuna aliyekosea. Kila upande ulikuwa sahihi hadi ulipokutana na mwenzake, na mimi binafsi nimeona hitilafu nyingi za namna hiyo kwenye mifumo ya kampuni, pale hifadhidata mbili zilizo sawasawa zinapounganishwa na kuzaa upuuzi.

Miezi ya JavaScript nayo ni ya jamii hiyohiyo. Andika `new Date(2024, 1, 31)` ukitegemea tarehe 31 Januari, utapewa tarehe 2 Machi. Miezi inahesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo 1 ni Februari. Na kwa kuwa Februari ya mwaka ule ilikuwa na siku 29, zile mbili zilizozidi zikamwagikia Machi. Siku za mwezi lakini zinaanzia moja. Brendan Eich aliitengeneza lugha hii kwa siku 10, Mei 1995, akiwa ameagizwa ifanane na lugha nyingine, Java, na sehemu ya tarehe ikachukuliwa kutoka Java kama ilivyokuwa. Java yenyewe ilikuja kuwashauri watu waziache nyingi ya njia zile miaka miwili tu baadaye. Wavuti haikuweza, maana kurasa zilizokwisha kuandikwa zingeharibika. Mfumo mpya wa tarehe uitwao Temporal unahesabu Januari kuwa 1, na mimi naushukuru kwa dhati.

Kuhusu ule mstari wa tatu, wa kuthibitisha, usiudharau. Visa vya kompyuta ni vitamu, na utamu huvipotosha vikipita mdomo hadi mdomo. Kisa cha nondo unakijua bila shaka: tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa mashine ya Harvard Mark II walimkuta nondo amenasa ndani yake, wakambandika kwenye daftari la kumbukumbu, na inasemekana ndipo hitilafu za kompyuta zilipoanza kuitwa wadudu, kwa Kiingereza "bug". Daftari lipo kweli, linatunzwa na makumbusho ya Smithsonian, na nondo yupo bado kwenye karatasi. Lakini soma walichoandika chini yake: kwamba hicho ni kisa cha kwanza halisi cha mdudu kupatikana. Neno hilo la "halisi" lina maana pale tu ambapo watu walikuwa tayari wakiita hitilafu wadudu. Na kweli, Thomas Edison alilitumia hivyo katika barua yake ya mwaka 1878. Grace Hopper, mwanasayansi wa kompyuta aliyefanya kazi na mashine hiyo, alikisimulia sana kisa cha nondo, hivyo wengi wakamfanya yeye ndiye aliyempata. Mimi mwenyewe nimewahi kukisimulia vibaya mbele ya vijana niliokuwa nawafundisha, ikanibidi nirudi wiki iliyofuata kusahihisha. Tangu hapo, kabla sijaandika jambo daftarini naitafuta nyaraka ya asili.

Na nyaraka za asili si ngumu kama watu wanavyodhani. RFC nyingi ni maandishi matupu, yameandikwa na watu waliotaka waeleweke, na baadhi yameandikwa kwa kucheka. Kama hujawahi kusoma hata moja, anza na RFC 2324 ya tarehe 1 Aprili 1998. Larry Masinter aliitunga kama mzaha wa siku hiyo: itifaki ya kuendesha birika la kahawa kwa mtandao, ikiwa na kosa namba 418, ambalo buli la chai hurudisha likiombwa lipike kahawa. Mzaha huo umeandikwa kwa nidhamu yote ya itifaki ya kweli, na ndiyo maana unafundisha: ukimaliza kuisoma umeshajua ombi la HTTP limejengwaje, bila kuona kama umesoma somo. Lugha ya programu ya Go ina jina rasmi la kosa hilo ndani ya maktaba yake, `StatusTeapot`. Mwaka 2017 palipotokea pendekezo la kuliondoa kwenye programu kadhaa, watu walilitetea hadi likabaki, na leo namba 418 imetengwa isipewe maana nyingine.

Kahawa na mtandao, kwa njia, vilishaonana kabla ya hapo. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliweka kamera mbele ya birika lao la kahawa ili walioko vyumba vya mbali waone kama limeisha kabla hawajajisumbua kwenda. Mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye wavuti, ikatazamwa na watu wa dunia nzima hadi kamera ilipozimwa mwaka 2001. Uvivu wa kutembea ukatuachia mojawapo ya kamera za kwanza za wavuti.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote daftarini ni wa rangi nyingine. `rebeccapurple`, #663399, zambarau iliyotulia. Eric Meyer ni mmoja wa watu waliotufundisha CSS. Wengi wetu tumejifunza kutokana na maandishi yake bila kujua jina lake. Juni 2014 binti yake alifariki kwa saratani, siku ileile aliyotimiza miaka sita. Waliokuwa wakishughulikia CSS walipendekeza rangi aliyoipenda mtoto iingizwe kwenye orodha rasmi kwa jina lake la utotoni, Becca. Baba akakubali kwa sharti moja. Binti yake alikuwa amesema kwamba Becca ni jina la mtoto mchanga, na akifika miaka sita kila mtu amwite Rebecca. Alikuwa na miaka sita kwa karibu saa kumi na mbili. Basi rangi ikaitwa Rebecca.

Siku niliyosoma hayo nilikuwa nimeshaitumia rangi ile mara nyingi, kwa kuwa tu kihariri changu hunipendekezea jina lake. Sasa siiandiki kwa majaribio ya ovyo.

Pengine unajiuliza haya yote yanakusaidiaje Jumatatu kazini. Basi nikusimulie kosa langu. Niliwahi kurithi mfumo uliokuwa unatoa ripoti za wateja kwa faili za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu. Juu kabisa ya kodi, yaani maagizo ya programu, ya kutengeneza faili palikuwa na mstari unaobandika `\uFEFF` mwanzoni, herufi isiyoonekana, bila neno lolote la maelezo. Nikauona ni uchafu. Nikaufuta, majaribio yote yakapita, nikapeleka. Kesho yake asubuhi simu zikaanza: majina ya watu yameharibika. Kila penye é palikuwa na Ã©. Herufi ile isiyoonekana, kwenye faili la UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwa namba), huwa baiti tatu, EF BB BF, na ndizo zinazoiambia Excel faili limeandikwa kwa mfumo gani. Zikikosekana, Excel hubahatisha, na siku ile ilibahatisha vibaya mbele ya wateja wetu wote.

Aliyeuandika mstari ule alikuwa ameshapigiwa simu kama zangu kabla yangu. Alilitatua tatizo, akasahau kuandika sababu, na mimi sikuuliza. Niliurudisha mstari, na juu yake nikaandika maelezo ya sentensi mbili. Siku hizi nikikuta kodi inayoonekana ya kipuuzi, kitu cha kwanza ni `git blame`, amri inayoonyesha nani aliandika mstari upi, nione iliingia lini na pamoja na mabadiliko gani. Nikimpata mwandishi, namuuliza. Kuuliza si ujinga. Nisipompata, naandika jaribio linaloonyesha mstari ule unafanya nini, ndipo naamua. Mara nyingine ni uchafu kweli na naufuta kwa moyo mweupe. Lakini ni mara chache kuliko nilivyodhani.

Ukurasa wa mwisho niliojaza ni wa tarehe 19 Januari 2038, saa 9, dakika 14 na sekunde 7 usiku wa manane (03:14:07) kwa saa za kimataifa, UTC. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na ikihifadhi hesabu hiyo kwa biti 32 zenye alama ya hasi na chanya, namba kubwa inayoweza kuingia ni 2,147,483,647, ambayo ni sekunde hiyo hasa. Nilikijua kisa hicho miaka mingi na nilikiona ni cha mbali. Kisha wiki iliyopita, kwenye mradi wa mikopo ninaoushughulikia, nikaona safu ya tarehe ya mwisho wa marejesho imewekwa aina ya TIMESTAMP ya hifadhidata ya MySQL, ambayo kikomo chake ni sekunde ileile. Mkopo wa miaka ishirini unaoombwa leo unavuka hapo. Nikaandika jaribio moja lenye tarehe ya mwaka 2040. Likakataliwa papo hapo. Nimeibadilisha safu kuwa DATETIME, aina isiyo na kikomo hicho, na juu ya mabadiliko hayo nimeeleza sababu, kwa sentensi mbili.