Kwa wanaoanza kuandika wasifu wa marehemu: mzee aliyestaafu reli

Familia ya mzee aliyestaafu kazi ya reli ikikuita uandike wasifu wake, utakuta sentensi mbili zimeshaandaliwa: alitumikia reli kwa uaminifu, na aliipenda sana familia yake. Mgeni katika kazi hii huishia kuzipamba kidogo, akaweka tarehe ya kuzaliwa juu na idadi ya wajukuu chini, akakabidhi karatasi. Usifanye hivyo. Ukibadilisha jina, sentensi hizo zinasomeka vilevile kwenye msiba wa mtu mwingine. Wewe tafuta mahali zinapogongana, kwa sababu kwa mtu wa reli, kazi na nyumba viligongana kila wiki, na hapo ndipo utamwona alikuwa mtu wa namna gani.

Kwanza uliza alifanya kazi gani hasa. Utashangaa watoto wangapi hawajui. "Baba alikuwa reli," basi. Sasa reli ina dereva, ina gadi anayesimamia treni safarini, ina anayeunganisha na kutenganisha mabehewa, ina msimamizi wa stesheni, mafundi wa karakana, wakata tiketi, na lile genge la njia linalotembea juu ya mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli, na nyundo begani. Hao wa genge ndio wanaosahaulika kuliko wote. Kazi yao ni kuhakikisha upana kati ya reli mbili haubadiliki: milimita 1,435 kwenye njia za kawaida za dunia, 1,067 au 1,000 kwingineko. Ukiongezeka sentimita chache tu, gurudumu linadondokea ndani. Jua likiwa kali chuma hurefuka, na reli isiyoshikwa vizuri na kokoto hujipinda pembeni kama nyoka. Mzee wa genge huenda hakushika usukani wa treni hata siku moja. (Na treni haina usukani, jambo utakalolihitaji mbele kidogo.) Ukimwekea picha ya kichwa cha treni juu ya wasifu, umemwekea picha ya kazi ya mtu mwingine, na wenzake watakaokuja mazikoni wataona mara moja.

Ukishaijua kazi, uliza saa. Hapa usiwe na haraka, na usimuulize mtoto wa kwanza anayejua kuongea mbele ya watu, muulize mama. Treni za mizigo haziondoki kwa kufuata usingizi wa mtu. Dereva au gadi anaweza kuitwa saa nane za usiku, akafika mwisho wa safari mchana, akalala kwenye nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi, akageuza na treni nyingine kesho yake. Akirudi nyumbani, wengine ndio kwanza wanaamka. Kwa hiyo mapenzi kwa familia hayakuwa ya kukaa mezani pamoja kila jioni. Yalikuwa ya namna nyingine, na ni juu yako kuyatafuta. Uliza ni sikukuu zipi hakuwepo, na alifanya nini kuzifidia. Nimeshaambiwa na familia moja kwamba kwao sikukuu ilikuwa siku ambayo baba amerudi, kalenda iseme itakavyo. Watoto walianza shule ndipo wakagundua kwamba wenzao walisherehekea wiki iliyopita.

Uliza pia mchana alilalaje. Swali linaonekana dogo, lakini mama atacheka, kisha atakueleza habari za pazia nene, redio iliyozimwa, na mtoto mkubwa anayemfundisha mdogo kubana kitasa kwanza ndipo asukume mlango usilie. Nyumba nzima ilifanya kazi reli. Andika hivyo, na jina la mama liingie kwenye aya ya kazi, si kwenye orodha ya walioachwa tu.

Vitu alivyoacha vinasaidia kuliko sifa. Taa ya mkononi, bendera nyekundu na ya kijani, kitabu cha kanuni kilichochakaa pembe, na mara nyingi saa. Watu huidhania saa hiyo kuwa zawadi ya kustaafu, na mara nyingine ndivyo, lakini kwa watu wa reli saa ni chombo cha kazi. Mwezi Aprili 1891, huko Kipton katika jimbo la Ohio, Marekani, treni mbili ziligongana uso kwa uso. Inaelezwa kwamba saa ya mmoja wa wafanyakazi ilikuwa imesimama dakika nne kisha ikaendelea kutembea bila yeye kujua. Baada ya hapo sonara wa Cleveland, Webb C. Ball, alipewa kazi ya kusimamia ukaguzi wa saa za wafanyakazi wa reli, na kipimo kikawa saa isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Sikuambii uyaweke haya kwenye wasifu. Nakuambia ili binti yake akikueleza kwamba baba aligomba mtu akichelewa dakika tatu, usiandike "alipenda nidhamu" ukaendelea. Dakika tatu, katika njia moja inayopitisha treni za kwenda na kurudi, ni roho za watu.

Jambo zito zaidi ni ajali. Kama alikuwa dereva wa miaka mingi, kuna uwezekano mkubwa kwamba treni yake iliwahi kugonga mtu au gari njiani. Treni ya mizigo iliyojaa inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Dereva anamwona mtu, anapiga honi, anavuta breki ya dharura, na baada ya hapo hana la kufanya. Treni haina usukani, hawezi kukwepa. Anabaki anatazama, na mara nyingine mtu yule naye anamtazama. Wengi walirudi kazini wakaendelea, wakastaafu, hawakulisema nyumbani. Familia itakwambia "mzee alikuwa mkimya" au "kuna njia alikuwa hataki kupita". Usilichokonoe mbele ya ukoo mzima. Mtafute mwenzake wa zamani, umuulize pembeni, na ujue unauliza ili uelewe, si lazima uandike. Mimi naona sentensi moja inatosha, tena ikiwa tu mjane ameridhia: kwamba alibeba aliyoyaona kazini bila kuwapa watoto wake mzigo huo. Zaidi ya hapo ni uchunguzi wa ajali, na hukuitwa kwa ajili hiyo.

Hao wenzake wa zamani ni hazina, ila watakupa na vichekesho ambavyo haviwezi kusomwa mbele ya jeneza. Vicheke, uviache hukohuko.

Tarehe zihakikishe kwenye barua ya ajira na ya kustaafu. Kumbukumbu za familia huongeza miaka, na miaka ya mafunzo husahaulika. Vyeo navyo vivyo hivyo.

Halafu kuna miaka ya kustaafu, ambayo waandishi wengi huipita kwa "alijishughulisha na shughuli zake binafsi". Uliza alivyoamka. Mwili uliozoea kuitwa usiku hauachi kwa sababu barua imesema aache. Uliza kama alisikia vizuri, kwa maana injini na honi za miaka mingi hula masikio. Yule babu anayesemwa alikuwa anafoka huenda alikuwa hajisikii sauti yake mwenyewe, na wajukuu wangependa kulijua hilo. Uliza alifanya nini treni ilipopita mbali. Wapo waliokuwa wanasikiliza mvumo tu wakasema leo kavuta mabehewa mazito, na mtoto wa miaka sita aliyesimuliwa hayo atakupa aya nzuri kuliko ya mwenyekiti wa kamati.

Ukimaliza, soma kwa sauti na upime muda. Dakika tano zatosha, saba kama kuna ya kusimulia. Kisha msomee mjane kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kabla ya mtoto mkubwa aliyekuita. Atasahihisha majina, atakukumbusha dada aliyesahauliwa. Akisema habari ya ajali iondoke, iondoe palepale mbele yake, na urekebishe aya inayofuata ili pengo lisionekane.